Naenda kununua kiberiti

Wiki hii mmeuliza: "Mvua za masika zikikufungia ndani, unajiliwaza na nini?" Mimi sikubali kufungiwa. Natoka. Ila kutoka kwenyewe kuna hila yake, na hiyo ndiyo ninayotaka kuwapa.

Nimezaliwa Pangani, nikaolewa Lushoto, na huku ndiko nilikostaafia ualimu wa shule ya msingi. Kwetu pwani mvua huja kwa fujo, ikimaliza jua linatoka na watu wanaendelea na shughuli. Huku milimani masika yana subira. Tangu Machi mpaka Mei inaweza kunyesha manyunyu siku tatu bila kupumua, ukungu ukaingia hadi jikoni, shuka zisikauke, chumvi ikalowa ndani ya kopo. Mwaka ule aliofariki mume wangu nilikaa ndani masika yote nikisikiliza bati. Sitaki tena.

Taabu ni kwamba huku mtu hatembei bure. Ukionekana njiani huna jembe, huna kikapu wala mgonjwa wa kwenda kumjulia hali, watu wataulizana kulikoni. Kwenye mvua ndiyo kabisa, watamwita mwanao. Kwa hiyo nikajitafutia kisingizio.

"Shikamoo mwalimu. Mvua yote hii, wapi tena?"

"Marahaba mwanangu. Naenda kununua kiberiti."

Hakuna anayebisha. Kiberiti ni kitu cha lazima. Duka la karibu liko hatua hamsini kutoka mlangoni kwangu, lakini mimi nanunua kwenye lile la mbali, la njia ya kwenda jabali la Irente, na nikishafika pale sioni sababu ya kurudi upesi.

Mwavuli niliuacha zamani. Upepo wa kilimani huugeuza ukabaki umeshika kikombe. Navaa gambuti za marehemu na soksi jozi mbili kwa sababu zinanipwaya, sweta, halafu nailoni juu yake. Na fimbo. Udongo wetu mwekundu ukilowa ni bamia tupu, na anayeuingia kwa kandambili ajue anautafuta mfupa wake uvunjike. Mabondeni sishuki, maana mto uliojaa hauna adabu. Nikisikia barabara ya Mombo imeanza kumwaga mawe, siku hiyo nakaa nyumbani nakaanga mahindi. Ujasiri wa namna ile nawaachia vijana wa bodaboda.

Wageni huja Irente wakati wa kiangazi, wanapiga picha, wanarudi na jibini ya pale shambani kwa Walutheri. Masika hawaji, na ukifika unaelewa kwa nini. Unasimama ukingoni mwa jabali, mbele yako pameupe pee. Hakuna nyika, hakuna mbingu, sauti ya matone tu kwenye majani. Mara nyingi inaishia hapo, nami naridhika.

Aprili mwaka jana nilikuwa na mjukuu wangu wa miaka minane, amenuna, gambuti zimeingia maji. Ghafla wingu likatoboka chini yetu, tundu kama la sindano kwanza, kisha kama dirisha. Kule Mazinde, chini nyikani, jua lilikuwa linawaka! Mistari ya mkonge imenyooka kama daftari la darasa la kwanza, madimbwi yanametameta, na lori moja linatambaa kwenye barabara kuu kama siafu aliyebeba mzigo. Sisi juu tunatetemeka, wao chini wanatafuta kivuli. Mjukuu akaniuliza, "Bibi, kwani wale hawajui kuna mvua?" Kabla sijamjibu, tundu likaziba.

Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, hakulionea wivu jua lile hata siku moja. Kwa wazee wa Kishambaa, nyika ni joto na njaa. Shambaai, yaani huku milimani kwao, ndiko mvua iliko. Zamani kule Vuga, kwa wafalme wa ukoo wa Kilindi, mfalme ndiye aliyeaminiwa kuwa mwenye mvua. Ikinyesha vizuri nchi inashiba, ikikosekana watu wananong'ona kwamba mfalme amekasirika. Mimi mtu wa pwani nilichukua miaka mingi kuacha kusema "hali ya hewa mbaya" mbele ya yule mama.

Kurudi hatuna haraka. Chini ya jiwe moja lenye kivuli nilimwonesha mtoto ua dogo la zambarau, majani yake mazito yenye manyoya kama sikio la sungura. Mbegu za jamaa zake zilipelekwa Ujerumani mwaka 1892 na afisa wa kikoloni, Walter von Saint Paul-Illaire, na wataalamu wakaliita Saintpaulia kwa jina la ukoo wake. Leo linapambwa kwenye madirisha ya dunia nzima, na wenye nalo huambiana wasimwagie maji juu ya majani, yatafanya madoa. Mtoto akainama kulichungulia. Pembeni maji yalikuwa yanachuruzika kamba kamba kutoka ukingo wa jiwe, na ua limekaa nusu shubiri ndani, kavu kabisa. Akatia mkono, akaugusa mwamba, akasema, "Limejibanza." Kununa kumekwisha, njia nzima alikuwa anachungulia kila jiwe.

Nyumbani ni gambuti kupindua kizingitini, miguu kwenye beseni la maji ya moto, chai ya mchaichai. Usingizi wa siku hiyo hauna mfano.

Juzi nilihesabu, kabatini mna viberiti kumi na tisa. Jioni umeme ukakatika mtaa mzima, jirani akamtuma binti yake kuazima kimoja. Nikampa viwili. Itabidi kesho nikanunue.