Panga Dau Lako Kabla Hujafungua Tovuti

Juzi nimepata ujumbe wa msomaji mmoja, na tangu hapo sijatulia. Ameandika: "Dada, wewe kila ukisafiri unalala hoteli ya nyota nne kwa bei ya gesti. Na mimi nikaingia kwenye tovuti za punguzo, nikaona chumba kizuri, nikalipa hapo hapo. Safari imesogezwa mbele, wananiambia fedha hairudi. Wewe unafanyaje?" Nimemjibu kwa kifupi, lakini najua si yeye peke yake. Wengi wetu tunaopenda kusafiri mifuko yetu haijanenepa, na tunataka kulala mahali pa heshima kama watu wengine. Kwa hiyo leo naandika yote ninayoyajua.

Nianze na furaha yangu. Safari niliyotoka majuzi nililala kwenye hoteli ambayo mapokezini kwao bei ya chumba ilikuwa zaidi ya mara mbili ya niliyolipa mimi. Shuka zile zile, kifungua kinywa kile kile, mtu wa chumba cha jirani kalipa bei kamili. Sikubahatisha. Ni ujuzi nilioanza kuupata zamani, wakati ule ambapo mteja ndiye aliyetaja bei.

Wasioukumbuka wakati huo niwaeleze. Mwaka 1998 huko Marekani ilianza tovuti ya Priceline, mwanzilishi wake Jay Walker. Walianza na tiketi za ndege, vyumba vya hoteli vikafuata. Unachagua eneo la mji, unachagua idadi ya nyota, unaandika dau lako, unatoa namba ya kadi. Jina la hoteli huambiwi. Hoteli ikikubali dau, kadi inakatwa papo hapo, na hapo ndipo unaonyeshwa utalala wapi. Hakuna kughairi. Dau likikataliwa huruhusiwi kurudi na bei nyingine kwa ombi lile lile. Ama usubiri hadi kesho yake, ama ubadilishe kitu: uongeze eneo, ushushe nyota, ubadilishe tarehe.

Utamu wa mchezo ulikuwa kwenye hilo sharti la kubadilisha. Tuseme unataka nyota nne katikati ya mji. Unachunguza kwanza maeneo mengine ya mji huo, unagundua kwamba eneo la pembeni halina hoteli hata moja ya nyota nne. Dau la kwanza likikataliwa, unaongeza lile eneo la pembeni na kupandisha dau kidogo. Kupelekwa pembeni haiwezekani, maana huko hakuna hoteli ya daraja ulilotaka. Umepata nafasi ya pili bure. Mji wenye maeneo kadhaa ya namna hiyo ulikupa nafasi kadhaa, na unapanda ngazi moja moja mpaka mahali fulani hoteli inasema ndiyo. Nilikuwa na daftari la kazi hiyo. Ukurasa mmoja mji mmoja: eneo gani lina nyota ngapi, dau gani lilikataliwa, dau gani lilipita. Watu waliokuwa wakinicheka na daftari langu leo ndio wanaoniomba ushauri, na ninawapa kwa moyo mweupe.

Kwa nini hoteli ikubali kuuza chumba kwa bei ya chini hivyo? Kwa sababu chumba kilicholala kitupu usiku wa leo hakiuziki tena kesho. Ni kama kiti cha basi lililokwisha ondoka. Lakini hoteli haitaki kuitangaza bei hiyo kwa jina lake, kwani aliyelipa kamili atakuja juu, na bei ikishashuka hadharani kuirudisha ni kazi. Ndiyo maana jina linafichwa. Punguzo lile ni malipo yako kwa kukubali kutojua na kutoghairi. Msomaji wangu, hapo ndipo penye jibu lako, nami nitarudi kwako.

Kutaja bei kumekwisha. Priceline waliacha kwenye tiketi za ndege mwaka 2016, na baadaye kwenye hoteli pia. Kilichobaki ni vyumba vya jina lililofichwa: bei wameweka wao, unaona eneo, nyota, huduma zilizopo na wastani wa alama za wageni, jina unalipata ukishalipa. Tovuti ya Hotwire wanauza hivyo tangu mwaka 2000, na Priceline nao wana vyao, wanaviita Express Deals. Hata hivyo akili ya dau bado inafanya kazi. Bei wanataja wao, kikomo unaweka wewe.

Sasa niseme lililoniumiza, maana si kila safari ilikuwa ya shangwe. Nilimchukua mama yangu kwenye mahafali ya mdogo wangu. Nikapata chumba cha jina lililofichwa, nyota nne, bei nzuri sana. Tumefika usiku, mama miguu imemvimba kwa kukaa garini. Kijana wa mapokezi akaitazama skrini yake, akatutazama, akasema foleni nzima ikisikia: "Hawa ni wa bei ya punguzo, vitanda viwili hawawezi kudai." Tukapewa chumba cha kitanda kimoja kilichotazamana na mlango wa lifti. Dirisha linaangalia ukuta wa jengo la pili, karibu kiasi kwamba unaona nyufa za plasta. Kila lifti ilipofika ililia kengele, na kila ilipolia mama aligeuka. Asubuhi hakulalamika, alinishukuru. Miaka imepita, lakini ile sauti ya "hawa" bado ninaisikia.

Yule kijana kuhusu masharti alisema kweli: kwenye vyumba hivi unachohakikishiwa ni nafasi ya watu wawili, aina ya kitanda ni kwa kadiri ya vilivyopo. Lakini fedha ya mama yangu ilikuwa fedha. Mtu aliyelipa kidogo kwa njia halali, iliyowekwa na hoteli yenyewe, hastahili kutangazwa mbele ya watu. Tangu siku ile, nikishalipa tu na jina likatoka, napiga simu hotelini siku hiyo hiyo. Najitambulisha, naeleza tunakuja nani na nani, naomba vitanda viwili na chumba cha mbali na lifti. Mara nyingi wanakubali, kwa sababu mapema vyumba bado vipo. Ukisubiri ufike usiku unapewa kilichobaki. Na nikienda na mzazi au mtoto mdogo sinunui kabisa chumba cha jina lililofichwa.

Jina lenyewe halijifichi sana ukilitafuta. Nakili orodha ya huduma walizoonyesha: bwawa, chumba cha mazoezi, maegesho ya kulipia, wanyama wanaruhusiwa au la. Fungua tovuti ya kawaida, weka eneo lile lile, nyota zile zile, tarehe zile zile, halafu chuja kwa huduma hizo moja baada ya nyingine. Mara nyingi zinabaki hoteli mbili au tatu, na wakati mwingine moja tu. Zikibaki mbili na zote ungeridhika nazo, lipa. Ikiwemo moja usiyoitaka, ondoka. Usijidanganye kwamba bahati itakuangukia ile nyingine.

Halafu kuna kulinganisha bei. Nasikia watu wakijisifu, "Nimelinganisha tovuti tano." Tano za nani? Priceline waliinunua Booking.com mwaka 2005, na mwaka 2018 kampuni mama ikabadili jina ikawa Booking Holdings. Agoda na Kayak nazo ni za mlango huo huo. Upande wa pili Expedia Group wana Expedia yenyewe, Hotels.com, Hotwire, Orbitz na Travelocity, na ndio wenye hisa nyingi katika Trivago, tovuti ya kulinganisha bei za hoteli. Ukizunguka kwenye tovuti tano za ukoo mmoja umemuuliza dalali yule yule mara tano. Chukua moja ya huku na moja ya kule, kisha nenda kwenye tovuti ya hoteli yenyewe, au wapigie. Hoteli ikikuuzia moja kwa moja hailipi kamisheni ya dalali, na ukiomba kwa adabu wanaweza kukushushia au kukuongezea kifungua kinywa. Wala usidhani kinachowekwa juu ya orodha ndicho cha bei ya chini. Mwaka 2022 mahakama ya Australia iliitoza Trivago faini ya dola za Australia milioni 44.7 kwa kuwapotosha watu juu ya hilo hilo.

Naomba sana, msikubali kukimbizwa. "Kimebaki chumba kimoja." "Watu kumi na wawili wanatazama hoteli hii sasa hivi." Ile saa nyekundu inayohesabu kurudi nyuma. Mwaka 2019 mamlaka ya ushindani ya Uingereza iliyabana makampuni makubwa ya kubuku hoteli, yakiwemo Booking.com, Expedia na Agoda, yakaahidi kuacha kuwashinikiza wateja, kuficha ada na kutangaza punguzo la uongo. Kimebaki kimoja kwa dalali huyo. Hotelini kwenyewe vinaweza kuwa vingi. Mimi nikiona saa ile inakimbia naondoa mkono kwenye simu, natoka nje kidogo, narudi. Chumba nakikuta.

Na soma bei ya mwisho, ile inayotokea baada ya kodi na ada zote. Hoteli nyingi, hasa za miji ya starehe kama Las Vegas, zilizoea kuongeza ada ya kila usiku ambayo haikuwemo kwenye bei ya ukurasa wa kwanza. Marekani tangu Mei 2025 kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho inazitaka hoteli na tovuti zionyeshe tangu mwanzo bei yenye ada zote za lazima. Kwingine macho ni yako. Linganisha jumla kwa jumla.

Kwa hiyo, kabla hujafungua tovuti yoyote, andika kwenye karatasi kiasi cha mwisho utakachotoa kwa usiku mmoja, ada zikiwemo. Andika kabla hujaona picha ya bwawa, maana ukishaiona moyo unaanza kutafuta sababu. Kisha buku mapema chumba cha kawaida kinachoruhusu kughairi bure, kilicho ndani ya kiasi hicho. Sasa una mahali pa kulala na huna presha. Endelea kutazama polepole mpaka siku chache kabla ya mwisho wa kughairi. Tarehe za safari zikishathibitika, tiketi ikiwa mkononi, ndipo uguse vile vya jina lililofichwa au visivyorudisha fedha. Ukipata cha bei ya chini zaidi, ghairi cha kwanza. Usipopata, lala ulipobuku. Hivyo ndivyo nilivyofanya safari hii.

Na wewe uliyeniandikia, usikae ukinung'unika. Usiombe fedha, omba tarehe. Piga simu hotelini moja kwa moja, umtafute meneja wa zamu, mweleze safari imesogezwa na unataka kulala kwao siku nyingine. Hoteli ikikubali, mwombe akuandikie barua pepe yenye jina lake, kisha ipeleke kwa ile tovuti uliyolipia na uwaambie hoteli imeridhia. Piga leo, kabla tarehe ya kwanza haijafika. Ikishapita, utahesabiwa mgeni ambaye hakutokea, na hapo hata meneja mwema mikono yake imefungwa.