Barua kwa mwanangu: ndege ya kwanza, na paka wawili mkononi

Assalaam alaykum mwanangu,

Voisi yako nimeisikiliza, usiku nikairudia mamako akiwa pembeni, na yeye ndo kanambia mwandikie, usimjibu kwa voisi, utaanza kumfokea. Basi naandika. Umeuliza kwamba hujawahi kupanda ndege hata siku moja, na kila ukiifikiria hiyo safari ya Italia Desemba kumfuata mume wako tumbo linakukata, alafu juu ya hapo una Halwa na Bosi, huna wa kumwachia hapo Malindi na moyo haukupi kuwaacha, sasa utawabebaje paka wawili nawe mwenyewe unatetemeka. Na mwisho ukasema, "au niwalete Lamu tu baba?"

Usiwalete. Lamu hatuna shida ya paka, pita hapo sokoni asubuhi samaki wakikatwa uone wanavyopanga foleni, na hao wako wamelelewa ndani na mto wa kulalia, siku ya kwanza tu watararuliwa na majirani. Nenda nao. Na shangazi yako anayecheka ati mtu kupeleka paka Ulaya, mwambie watu wa hapo Malindi walimpeleka twiga mpaka Uchina mwaka 1415, akavushwa bahari kwa merikebu akafika mzima kwa mfalme wao, itakuwa paka wawili wa safari ya siku moja?

Lakini nilivyokusikiliza naona umechanganya hofu. Kuna hofu ya ndege, kuna ya paka, na kuna nyingine hukuitaja ila naijua, ya kuhama kwenu. Hiyo ya kuhama tutaiongea ukija Lamu. Hizi mbili za kwanza zina dawa, na dawa ya ile ya ndege kwa sehemu kubwa iko kwenye kazi ya paka, kwa sababu hofu humkamata mtu aliyekaa bure. Wewe hutakaa bure, nakuhakikishia.

Tuanze na makaratasi, manake hapa ndo watu wanakwama, sio hewani. Mie nimestaafu idara ya mifugo lakini kazi sijaisahau. Nchi za Umoja wa Ulaya wanaogopa sana kichaa cha mbwa, na paka nao wanakishika, na Kenya haimo kwenye orodha yao ya nchi ambazo mnyama anaingia kirahisi. Kwa hiyo wako watapita njia ndefu. Kwanza chipu, kidude kidogo kinaingizwa kwa sindano chini ya ngozi ya shingo, kina namba 15, hakikisha ni ya aina ya ISO inayosomeka na mashine zao. Chipu KWANZA, alafu chanjo ya kichaa, wanaweza kufanya siku moja lakini kwa mpangilio huo, manake chanjo iliyochomwa kabla ya chipu kwao haihesabiki, na usikubali daktari akwambie ni yale yale. Baada ya chanjo unangoja angalau siku 30, wanatolewa damu, damu inapelekwa maabara iliyoidhinishwa na Ulaya kupima kama kinga imefika, kipimo kinatakiwa kisipungue 0.5. Ikifika, kuanzia siku ile damu ILIPOTOLEWA, sio siku majibu yalipokuja, unahesabu miezi mitatu ndo wanaruhusiwa kuingia.

Sasa piga hesabu. Leo ni Julai mwanzoni. Chanjo wiki hii, damu Agosti, miezi mitatu inaisha Novemba, Desemba mnaondoka. Ukichelewa mwezi mmoja kwa sababu ya kuogopa ogopa umeshaharibu, na hapo kweli utapata sababu ya kulia. Mwisho kabisa kuna cheti cha afya cha daktari wa serikali, hiki hakitolewi mapema, kinatakiwa kisizidi siku 10 mpaka mnapofika kule, kwa hiyo wiki ya mwisho utakuwa Nairobi, Kabete kwa ofisi za mifugo. Panga nauli na mahali pa kulala na paka. Na shukuru ni Italia, ingekuwa Uingereza paka haingii kabisa na wewe ndani ya ndege, anakwenda kama kago.

Tiketi: kabla mume wako hajalipa chochote apige simu kwa shirika aulize maswali haya haya kwa jina, paka wanaingia kabini, mmoja au wawili kwa abiria mmoja, boksi saizi gani, kilo ngapi. Mengi yanataka paka na boksi lake wasizidi kilo 8 na boksi likae chini ya kiti cha mbele yako. Bosi alivyonenepa mie sina hakika na hizo kilo 8, mpime. Nafasi za wanyama kabini ni chache kila ndege, zikijaa zimejaa. Na mashirika mengine ya Ghuba paka hawamtaki kabini kabisa ila kozi wa kuwindia wanampakia, tajiri wake amekaa naye, sheria za watu hizo tuziache. Kama ni lazima kila paka na abiria wake, mdogo wako ana pasipoti, tutaona ya viza mapema. Wakikwambia mmoja lazima aende chini, usizimie, ile sehemu ya wanyama chini ya ndege inawekwa presha ya hewa na joto vilevile kama juu, ni giza na kelele tu. Lakini mie ningependelea wote wawe nawe.

Boksi nunua sasa hivi, sio Novemba. Liweke sebuleni mlango wazi, ndani tandika leso yako uliyoivaa usiifue, ile harufu yako ndo inayomtuliza paka kuliko maneno yoyote. Chakula wapewe humo humo ndani. Mara ya kwanza Halwa atatia kichwa tu na kutoa, mwache, usimsukume hata kidogo, paka aliyesukumwa kwenye boksi mara moja utamtafuta juu ya kabati maisha yake yote. Wakishazoea kulala humo, funga mlango dakika chache ukiwa umekaa hapo hapo, fungua, endelea na kazi zako kama hakuna jambo. Alafu ndo tuktuk. Chukua tuktuk ile yenye kelele mbaya kabisa, hapo Malindi hukosi, zungukeni mpaka Casuarina mrudi, boksi liko miguuni sio mapajani, kwa sababu ndani ya ndege litakuwa miguuni. Watalia, Bosi najua atalia kama anachinjwa. Wewe usimwambie pole pole pole kwa sauti ile ya msiba, ongea naye kawaida au nyamaza. Paka anasoma mkono wako na pumzi yako kabla ya sauti yako, ukitetemeka anajua kuna simba.

Na sasa dawa, hapa nakuwa mkali. Jirani yako aliyekwambia uwape piriton au dawa ya usingizi walale njia nzima, msalimie na usimsikize. Paka aliyeleweshwa hawezi kujishika ndege ikicheza, pumzi na moyo vinaweza kushuka na joto la mwili linapotea, na hapo juu hakuna daktari wa mifugo. Na panadol, wallahi, hata nusu ya nusu, usimpe paka, kwake ni sumu kabisa, nimewaona wakiletwa fizi zimegeuka rangi na mwenyewe anakwambia nilimpa kidogo tu ya homa. Kama daktari akiona Halwa ni mwoga kupita kiasi kuna gabapentin, dawa ya kumtuliza, hiyo madaktari wanaitumia, lakini kwa kipimo chake yeye na ijaribiwe nyumbani wiki kadhaa kabla, sio siku ya safari ndo ujue inamfanyaje. Na wewe pia usimeze kidonge cha mtu. Ukilala fofofo nani atawaangalia?

Siku yenyewe wape chakula kidogo, masaa matano au sita kabla ya kuondoka, baada ya hapo maji tu kwa kijiko. Chini ya leso tandika pampasi ya mtoto uliyoikata ikafunguka, na beba nyingine tatu na mfuko wa plastiki wa kufunga. Usihangaike sana na mkojo, paka ana uwezo wa kujizuia masaa mengi kuliko binadamu, wengi hawakojoi mpaka wafike. Mkiwa mnabadilisha ndege ingia kile choo kikubwa cha walemavu, funga mlango, hakikisha hakuna dirisha wala tundu, ndo umtoe mmoja mmoja umnyweshe.

Kwenye sikiuriti ndo pagumu kuliko hewani. Boksi litapita kwenye eksirei TUPU, paka hapiti humo, unamtoa unapita naye kifuani kwenye ule mlango. Fikiria kelele, mabeseni yanagongana, watu wanavua mikanda, na paka mkononi mwako. Kwa hiyo lazima awe amevaa ule mkanda wa kifuani wenye kamba, avalishwe tangu nyumbani, na kamba izungushe mkononi mara mbili. Kabla hujamtoa mwambie askari kwa adabu, nina paka wawili, naomba chumba cha pembeni. Viwanja vingi wanacho. Akikataa, mtoe mmoja, pita, mrudishe, funga zipu, ndo wa pili. Usiwatoe wote wawili pamoja hata kama nyuma yako watu wanaguna. Waache wagune.

Haya, sasa wewe. Ukishakaa na boksi limeingia chini ya kiti, kazi yako kubwa imekwisha, na hapo ndo ile hofu itataka kurudi. Nitakwambia utakachosikia ili usishtuke nacho. Ndege itakimbia na kukusukuma mgongoni, itanyanyuka, alafu utasikia gudu chini ya miguu, hayo ni magurudumu yanakunjwa. Muda kidogo baadae mlio wa injini utapungua na tumbo litakudanganya kwamba mnaanguka. Hamuanguki, rubani amepunguza nguvu kwa sababu ile ya kuruka haihitajiki tena. Kila anayepanda mara ya kwanza anaushika mkono wa jirani hapo, ukiushika wa mtu usiyemjua omba radhi basi.

Masikio yataziba. Hewa ya ndani ya ndege inawekwa kama uko mlimani, mita 1,800 mpaka 2,400, yaani juu ya Nairobi kidogo tu, na mtu wa pwani mwili wake unajua. Tafuna bigijii, meza mate, hasa wakati wa kushuka. Hao paka nao masikio yanaziba, ndo maana wakati wa kushuka huwa wanalia, sio kwamba wanakufa, watie kidole kwenye wavu wakulambe, kule kumeza mate kunawasaidia.

Na mtikisiko. Wewe umekulia kwenye boti, umevuka Shela kusi likivuma na maji yanaingia mpaka kwenye buibui na ulikuwa unacheka. Hewa nayo ina mawimbi yake, tofauti ni kwamba huyaoni. Mabawa yatapinda, utayaona dirishani, yameundwa yapinde. Funga mkanda muda wote, hata taa ikizimwa, manake wanaoumia ndani ya ndege kwenye mtikisiko mara nyingi ni wale waliofungua. Kiti cha karibu na bawa kinatikisika kidogo kuliko cha mkiani, ombeni hicho. Na ile ya Malindi kwenda Nairobi, ambayo ni kama saa moja tu, chukua ya asubuhi ardhi haijapata joto, mchana hewa inacheza zaidi. Ikikushika kabisa vuta pumzi kwa pua ukihesabu nne, itoe polepole ukihesabu sita au saba, ile ya kutoa iwe ndefu kuliko ya kuvuta, fanya hivo dakika chache moyo unashuka. Kahawa siku hiyo acha, najua unavyoipenda. Dua ya safari unaijua tangu chuoni.

Mtu akikwambia "usiogope" mwitikie tu. Ogopa kidogo, hakuna ubaya, ila mkono mmoja uwe kwenye boksi.

Mamako anasema Italia Desemba ni baridi kali na hao paka hawajui hata kipupwe chetu, anataka kuwashonea vijikoti. Nimemwambia wakifika watakaa ndani, hakunisikia, kesho anakwenda kutafuta kitambaa, mpigie umpe vipimo vya Bosi kabla hajakisia.

Na chanjo wiki hii. Wakishachomwa piga picha kadi na ile stika ya namba ya chipu unitumie nizisome mwenyewe kama tarehe zimefuatana. Mwambie na mume wako apige hiyo simu ya tiketi kesho.

Baba yako