Mafundisho ya Buddha yanamfaa nini mtu wa Tanga mwenye dini yake?

Mkuu, umeuliza kama falsafa ya Buddha ina faida yoyote kwa mtu wa huku mwenye dini yake, madeni yake na ugomvi wa mirathi, au ni mambo ya Wazungu wanaotafuta utulivu. Faida ipo, na kubwa. Mimi ni Muislamu wa Ngamiani, hapa Tanga, sijabadili dini na sina nia hiyo. Nilikuwa baharia, idara ya injini, na niliyelala naye kabini moja alikuwa fundi Mbuddha kutoka Galle, Sri Lanka, mtu wa kabila la Wasinhala. Usiku baada ya zamu mimi nauliza, yeye ananieleza. Siku hizi nauza spea za pikipiki, na mengi aliyoniambia kule baharini nimekuja kuyaelewa dukani.

Buddha aliishi kaskazini mwa India karibu miaka 2,500 iliyopita. Alitaka kujua mbona binadamu haachi kuumia, hata akipata alichokitaka. Jibu lake ni kiu, na akaonyesha inavyozaliwa. Kitu kinakugusa: umekiona, umekisikia, au kimekujia kichwani. Hapo hapo inafuata hisia, tamu au chungu, au isiyo tamu wala chungu. Nyuma ya hisia inakuja kiu, nataka zaidi au sitaki kabisa. Kiu ikikaa inakuwa kung'ang'ania, na aliyeng'ang'ania, mdomo na mikono vinamtangulia. Hisia haizuiliki. Mtu akikutukana, utaumia tu. Ila kati ya hisia na kiu kuna nafasi, finyu sana, na kule kukaa kimya wanakokaa Wabuddha na kufuata pumzi ni mazoezi ya kuifahamu nafasi hiyo ili uwahi kusimama hapo.

Mfano wa Buddha mwenyewe ni wa mishale miwili. Mtu kachomwa mshale, maumivu hayo hayana njia ya kukwepa. Kisha anaanza kulalama, kulaani, kujiuliza kwa nini yeye, na huo ndio mshale wa pili, anajichoma mwenyewe. Mwenye hekima anaumia kwa ule wa kwanza tu.

Sasa nikupe yangu. Marehemu baba alituachia nyumba ya vyumba vya kupangisha. Kodi ilikuwa ikikusanywa na mmoja wetu, wengine hatuoni hesabu. Grupu la familia la WhatsApp likageuka uwanja wa vita. Mtu anatuma ujumbe wa sauti saa tano usiku, mwingine anajibu kwa matusi ya kuzungukazunguka, asubuhi mama hali chai. Nilimkumbuka yule fundi. Alinifundisha kwamba Buddha aliweka masharti matano ya neno jema: liwe limesemwa kwa wakati wake, liwe kweli, lisemwe kwa upole, liwe na manufaa, na moyo wa msemaji uwe na nia njema. Yote matano kwa pamoja. Tazama hapo, ukweli ni sharti moja tu kati ya matano! Sisi huku mtu akishasema "mimi nasema ukweli" anaona ana ruhusa ya kuchinja.

Basi nikawa, ujumbe ukiingia, naweka simu kwenye droo ya risiti na kufuata pumzi: inaingia najua inaingia, inatoka najua inatoka. Kifua kinawaka, nakitazama kinavyowaka. Mara nyingi moto unashuka wenyewe kabla mteja wa pili hajaingia, na lile jibu nililokuwa nalo halifaulu hata masharti mawili. Nikaacha kujibu usiku. Nikamfuata ndugu yetu kwake, Chumbageni, kwa miguu, nikamwambia, "Kaka, shikamoo. Hesabu ya kodi inatutesa wote, na wewe inakutesa zaidi maana unaibeba peke yako. Tuiandike tusaidiane." Tuliandika. Hakuna aliyeridhika kwa asilimia mia, lakini vikao vya mirathi vilikwenda mbele ya shehe wetu na watu wanasalimiana.

Kuna hoja naisikia sana: kama kutamani ni ubaya, basi Buddha anatutaka tubaki maskini. Hapana. Watawa aliwaambia waache mali, lakini wenye familia aliwapa ushauri wa kibiashara kabisa. Buddha alimwelekeza kijana aitwaye Sigala agawe pato lake mafungu manne: moja la matumizi, mawili ya kuendeshea kazi, la nne liwekwe kwa siku ya shida. Na tajiri Anathapindika, mfuasi wake, Buddha alimtajia furaha nne za mtu mwenye nyumba, na mojawapo ni kutodaiwa. Kila nikiona mama lishe anakimbizana na mikopo ya kausha damu, au kijana kakopa ili anunue simu ya kuonyesha, naona kiu ile ile inatembea barabarani. Kwa kweli hapa ndipo mafundisho haya yanaponigusa zaidi, maana simu imetengenezwa ili iguse, iguse tena, na kabla hujakaa na hisia moja imeshaleta nyingine.

Kuhusu amani ya mataifa, nina mfano mmoja ninaoupenda. Mwaka 1942 ndege za Japani zilipiga mabomu Colombo na Trincomalee, miji ya bandari ya Ceylon, ndiyo Sri Lanka ya leo. Mwaka 1951, kwenye mkutano wa amani wa San Francisco, waziri wa fedha wa Ceylon, J. R. Jayewardene, alisimama akasema nchi yake haitadai fidia kwa Japani, na akanukuu maneno ya Buddha kwamba chuki haikomeshwi kwa chuki, hukomeshwa kwa upendo. Hapo falsafa iliingia kwenye mkataba wa dunia.

Lakini tusipambane na ukweli. Nchi hiyo hiyo iliingia vitani wenyewe kwa wenyewe kuanzia 1983 hadi 2009, na Myanmar, nchi yenye Wabuddha wengi, iliwafukuza Warohingya, Waislamu walio wachache huko, kwa moto na risasi mwaka 2017. Kwa hiyo anayekwambia Wabuddha ni watu wa amani kwa kuzaliwa, usimsadiki. Mafundisho yanamsaidia anayeyafanya. Mfalme Ashoka wa India ya kale, aliyefuata Ubuddha, baada ya kuiteka nchi ya Kalinga na kuua watu maelfu kwa maelfu, alichongesha majuto yake kwenye mwamba, na katika mwamba mwingine akaandika kwamba anayesifu dini yake kwa kuzishusha za wenzake anaiumiza ya kwake. Hilo lina zaidi ya miaka 2,200, na sisi tunalihitaji kila tunapoanzisha mada za dini.

Ukitaka kuanza, usitafute mambo makubwa. Mimi hukaa baada ya sala ya Alfajiri, mgongo umenyooka, nafuata pumzi mpaka jua litoke. Akili itakimbilia madeni na watoto, hiyo ni kawaida, irudishe bila kujigombeza. Jaribu na kuwatakia wengine kheri kimoyomoyo, anza na unayempenda, halafu jirani, mwisho yule mliyegombana. Huyo wa mwisho mgumu, usimlazimishe siku za kwanza. Ukiwa Dar, Upanga kuna hekalu lililoanzishwa na Wasinhala mwanzoni mwa karne ya 20. Ukifika vua viatu, uliza maswali yako.

Ila kama umefiwa karibuni, au kuna jambo baya lilikupata na ukifumba macho linakurudia, usijilazimishe kukaa kimya peke yako. Wapo ambao kukaa huko huwazidishia. Anza na daktari, pale hospitali ya Bombo au kituo cha afya kilicho karibu nawe, pumzi utazifuata baadaye.