Profesa wa umeme anapokabidhiwa chuo: niliyoyaona

Ndugu mleta mada, umeuliza kama profesa wa uhandisi wa umeme anayekubali kuongoza chuo kikuu huwa ameitupa taaluma yake. Nilisoma shahada ya uzamili hapa Dar es Salaam chini ya mwalimu aliyepanda kutoka ukuu wa idara hadi ofisi za juu za utawala nikiwa katikati ya tasnifu, na jibu langu ni hapana.

Mfano ulio wazi ni Profesa Matthew Luhanga, mhandisi wa umeme aliyekuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanzia 1991 hadi 2006. Alikipokea chuo ambacho mwaka 1990 serikali ilikifunga kwa sababu ya mgogoro na wanafunzi. Mageuzi aliyoyasimamia hayakuziba ufa mmoja mmoja, bali yaligusa mfumo mzima, mitaala, utawala na vyanzo vya mapato. Mlimani City, jumba la maduka lililojengwa kwenye ardhi ya chuo, ni sehemu ya historia hiyo.

Fikra hizo nazitambua. Maabarani mwalimu wangu hakuturuhusu kubadilisha kifaa kilichoungua kabla hatujajua kilichokiunguza. Tulianzia kwenye chanzo cha umeme, tukapima volteji hatua kwa hatua na kuandika kila kipimo daftarini. Baadaye nilimkuta ofisini na jalada la malipo yaliyochelewa ya wahadhiri wa muda. Alikuwa amechora kwa penseli njia ya fomu kutoka idarani hadi kwa mhasibu, na kuzungushia duara meza mbili zilizokuwa zikithibitisha jambo lilelile. Meza moja iliondolewa.

Gharama ipo, nami niliilipa: tasnifu yangu ilichelewa mwaka mzima. Simlaumu yeye. Chuo kinachomteua mtafiti kuwa kiongozi kinapaswa siku hiyohiyo kuwapatia wanafunzi wake msimamizi mwenza, na kwetu hilo halikufanyika.

Hata hivyo, Jumamosi asubuhi alikuwa akifungua maabara kwa funguo zake mwenyewe. Nakumbuka siku aliyosoma sura yangu ya tatu akiwa ameketi kwenye kigoda kando ya osiloskopu, kifaa kinachoonyesha mawimbi ya umeme kwenye skrini, kimya kwa karibu saa nzima, kisha akaweka kidole kwenye mchoro wa nne na kuniuliza kelele zile kwenye wimbi zilitoka wapi.