Mota 86 na jedwali moja la Excel

SWALI: Shikamoo Mzee. Niko kiwanda cha sukari, mwaka wa pili kazini. Tunabadilisha PLC (kompyuta inayoendesha mitambo) ya zamani, na mimi nimepewa mota 86: kila moja niiandikie programu, kengele zake na kitufe chake kwenye skrini. Nataka nitengeneze kiolezo kimoja, halafu niziingize zote kwa mkupuo kutoka Excel. Bosi hataki, anasema kuchapa moja moja ndiyo salama. Nani yuko sahihi?
Kijana wa Zamu, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwenye kiolezo uko sahihi wewe. Kwenye kuiogopa Excel, bosi hajakosea. Ukichapa mota 86 kwa mkono utapata makosa ya kila aina, kila moja limejificha kwake. Kiolezo kikikosea, kinakosea kote sawasawa. Unarekebisha mara moja.

Lakini sikia yaliyonikuta kwenye kituo cha maji chenye pampu nane. Nilitaka jedwali lipendeze, nikalipanga kialfabeti. Kumbe nimechagua safu ya majina peke yake, anwani, yaani namba zinazoiambia PLC jina lipi ni la pampu ipi, zimebaki palepale. Faili likaingia bila kulalamika, maana kila kisanduku kilikuwa na kitu. Jioni nabofya washa pampu ya tatu, inanguruma ya saba. Bahati hakuna fundi aliyekuwa ameifungua.

Kwa hiyo toa kwanza nakala ya yote yaliyomo kwenye mradi, uiweke pembeni. Safu ya majina ifanye ya maandishi matupu, la sivyo vali uliyoiita MAR-03 utaikuta imegeuka tarehe ya Machi. Ingiza mota tano tu, zitoe tena kwenye faili jipya, linganisha na jedwali lako mstari kwa mstari. Zile zinazozunguka pande mbili zitengenezee kiolezo chao. Wengine huchomeka masharti ndani ya kile kimoja hadi hakuna anayethubutu kukigusa, hata aliyekiandika.

Halafu shuka chini kwenye mitambo. Washa kila mota ukiwa na mtu amesimama pale na redio ya mkononi, akiitazama. Kwa sensa ya kina cha tangi, chomeka kalibreta (kifaa cha kutoa mkondo wa majaribio) kwenye waya wake utoe miliampea 12, katikati ya 4 na 20 za sensa; kama kipimo ni mita 0 hadi 6, skrini ionyeshe 3, tena kwenye tangi hilohilo.

Redio ya pili mpe bosi aishike.