Gari Lina Namba, Mwenyewe Hana Nyumba: Maswali ya Wasomaji

Swali: Mimi na mke wangu tumeuza nyumba, tunaishi ndani ya gari hapa Marekani mwaka mzima, leo jimbo hili kesho lile. Usajili unakwisha baada ya miezi mitatu na fomu inadai anwani ya makazi. Tuandike nini?

Jibu: Tenganisheni kwanza mambo mawili: anwani ya kupokelea barua, na jimbo la makazi ya kisheria. Anwani hukodishwa. Makazi hayakodishwi. Hayo huthibitishwa pale leseni, usajili, bima na kodi zenu zinapotaja jimbo moja. Mwenye leseni ya huku, namba za kule na bima ya kwingine anaweza kuendesha miaka bila kuulizwa kitu, hadi siku ya ajali.

Wasafiri wa kudumu wengi huchagua South Dakota, Texas au Florida. Yote matatu hayatozi kodi ya mapato ya mtu binafsi, na yote yana kampuni zinazokodisha sanduku la barua lenye anwani ya mtaa. Kwa asiye na nyumba kabisa, tungeanza na South Dakota, kwa kuwa utaratibu wake umewafikiria watu kama ninyi.

Mkikodi sanduku mtajaza Fomu 1583 ya Posta, inayoipa kampuni ruhusa ya kupokea barua zenu. Inataka vitambulisho viwili, kimoja kikiwa na picha, na saini iliyoshuhudiwa. Majina yenu wote wawili yawemo. Kisha laleni usiku mmoja ndani ya jimbo, hotelini au kwenye kambi ya magari, na mtunze risiti ya kupeleka ofisi ya leseni. Risiti hii ndogo ndiyo inayowarudisha watu nyuma: mume analipa, jina lake peke yake linachapwa, na mke anafika dirishani mikono mitupu. Mwambieni mhudumu aandike majina yote mawili, tarehe na anwani ya mahali penyewe. Isizidi mwaka mmoja. Pamoja nayo pelekeni pasipoti au cheti cha kuzaliwa, namba ya hifadhi ya jamii, uthibitisho wa sanduku, na hati ya kiapo kwamba hamna makazi mengine na kwamba hapo ndipo mnapokusudia kurudi. Msiisaini kama karatasi nyingine tu, ni kiapo. Leseni hudumu miaka 5.

Ofisi ya leseni haisajili magari. Gari ni kazi ya mhazini wa kaunti. Ushuru wa South Dakota ni asilimia 4 ya thamani ya gari, na kodi mliyokwisha kulipa jimbo jingine huhesabiwa, basi msitupe hati ya mauzo. Ukaguzi wa gari haupo. Mwezi wa kulipia upya hufuata herufi ya kwanza ya jina la ukoo: wa M na N, kwa mfano, ni Julai.

Texas nako ofisi ni mbili. Mhamiaji ana siku 30 za kusajili gari na siku 90 za kubadili leseni, na kwa gari alilokuja nalo likiwa na usajili wa jimbo jingine kwa jina lake hulipa dola 90 badala ya kodi ya asilimia 6.25. Tangu Januari 1, 2025 ukaguzi wa usalama kwa magari yasiyo ya biashara umefutwa, ingawa kaunti kadhaa bado zinapima moshi.

Kama gari lina mkopo, anzeni na benki. Huenda hati ya umiliki iko kwao, na kuihamishia jimbo jipya ndiko kunakokula wiki. Ikifika mkononi, linganisheni namba ya chesisi na ile iliyo chini ya kioo cha mbele upande wa dereva. Ina herufi na tarakimu 17, na herufi I, O na Q hazitumiki humo kamwe. Mkiona O kwenye karatasi, mtu alikosea sifuri. Msifute wala kupaka rangi nyeupe, maana hati iliyofutwa-futwa hukataliwa. Tazameni pia majina yenu yameunganishwa kwa neno gani. Katika majimbo mengi, likiwa “na”, gari haliuzwi bila saini zote mbili. Likiwa “au”, mmoja anatosha. Kwa watu ambao mmoja anaweza kuwa safarini mbali na mwenzake, tofauti hiyo si ndogo.

Swali: Nimeshauriwa nifungue kampuni Montana, gari liwe mali ya kampuni, nisilipe kodi ya mauzo. Ni halali?

Jibu: Kufungua kampuni ni halali, na kweli Montana haina kodi ya mauzo. Tatizo liko unakoliendesha. California, kwa mfano, gari lililonunuliwa nje likiingizwa huko ndani ya miezi 12 ya kwanza huweza kuhesabiwa kuwa lilinunuliwa kwa matumizi ya huko, na mwenye kubeba mzigo wa kuthibitisha vinginevyo ni wewe. Halafu mwenye gari ni kampuni, dereva ni wewe, na bima ya mtu binafsi haipendi hali hiyo. Kwa gari la bei ya kawaida, hatuoni faida.

Swali: Nimegeuza gari la mizigo kuwa la kulala. Bima inasema kwenye hati bado ni la mizigo. Nifanyeje?

Jibu: Badilisha aina ya gari kwenye hati kabla ya kubishana na bima. Majimbo mengi hufuata kipimo cha shirikisho: angalau vitu vinne kati ya sita, vilivyofungwa humo moja kwa moja. Navyo ni jiko, friji au sanduku la barafu, choo kinachojitegemea, kipasha joto au kiyoyozi, maji ya kunywa yenye bomba na sinki, na umeme wa volti 110 hadi 125 au gesi. Jiko la kubeba lililowekwa juu ya meza halihesabiwi. Piga picha kila kifaa, na nyingine ikionyesha skrubu zake, na uweke risiti. Ukifika kwenye bima, sema wazi kwamba unaishi humo mwaka mzima na gari hulala wapi. Ukificha, wana sababu ya kukataa dai.

Swali: Stika mpya ya usajili hainifikii, ingawa niliomba Posta inihamishie barua.

Jibu: Barua nyingi za ofisi za magari hupigwa muhuri wa kutohamishwa, zikikosa mtu hurudi zilikotoka. Ombi lako halizigusi. Sanduku la kampuni ndiyo dawa, kwa kuwa barua inafika pale ilipoandikwa, kisha kampuni inakutumia kwa bahasha yake, hata kwa posta kuu ya mji unaoelekea, ambako huhifadhiwa hadi siku 30. Ila ukija kuliacha sanduku hilo, Posta haitakuhamishia barua zake. Kila ofisi, benki na bima utaiarifu mwenyewe, moja moja, kabla mkataba haujaisha.