Huyo wa Nyegezi ni chozi

Ndugu, umeuliza ni ndege gani uliyemwona Nyegezi, huku Mwanza kando ya Ziwa Victoria. Umesema ni mdogo kuliko shomoro, anang'aa kijani, kifua chekundu, mkia mrefu, na asubuhi hakosi kwenye maua ya shubiri. Huyo ni chozi dume, na kwa pembe zetu za ziwani namhesabu chozi kifua-chekundu. Wapo kwenye matete, wapo na bustanini.

Ila usianze na rangi. Ule mng'ao unatokana na umbile la manyoya jinsi linavyocheza na mwanga. Akiingia kivulini anakuwa mweusi tii, utaapa ni ndege mwingine. Anza na mdomo: mrefu, mwembamba, umepinda kushuka chini, wa kunyonyea maji ya maua. Mnana naye mdomo wake mnene, wa kuvunjia mbegu.

Mtazame pembeni mwa ule wekundu. Ukiona manjano kila upande, basi ni chozi wa aina nyingine, naye ana mkia kama huohuo.

Yule wa kijivu-kahawia anayefuatana naye, uliyedhani ni mgeni, nadhani ni mkewe. Majike hawana makeke.

Aliyekwambia ni ndege mvumaji (hummingbird) amekosea, wale wako Amerika tu. Una picha?